Vyumba Kumi na Viwili vya Mshonaji

3 Machi

Kosa wanalofanya wengi ni kusoma kibao kabla ya kutazama picha. Mtu anaingia, anainama hadi kwenye kile kijikaratasi kilichobandikwa chini ya fremu, anasoma jina, mwaka na maelezo ya sentensi moja, ndipo anainua macho ili kuhakikisha kwamba picha inakubaliana na kibao. Ikikubaliana, anatikisa kichwa na kusogea mbele. Leo nimekaa kwenye benchi la jumba la picha la chuo nikiwahesabu. Walipita watu kumi na tisa. Kumi na saba walianzia chini.

Idara ya historia ya sanaa inamtaka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aandike shajara ya muhula na kuiacha rafuni kwa watakaokuja. Basi wewe uliyeitoa rafuni, ni wewe ninayekuandikia. Nina miaka sitini na minane. Nilichora ramani za viwanja kwa miaka thelathini na mitatu, nikastaafu, nikamzika mume wangu, na nilipochoka kuambiwa nipumzike nikaja kusoma. Natunga mashairi pia. Hayana vina wala mizani, na ndiyo chanzo cha ugomvi nyumbani kwangu.

5 Machi

Mvua ya kwanza. Kutwa nimesoma, sikuandika mstari.

7 Machi

Nieleze ninavyofanya kazi, maana bila hilo hutaelewa kitu.

Picha ninayoandikia tasnifu haipo ukutani. Ipo stoo ya jumba la picha, nami nimeruhusiwa kuitazama Jumanne na Alhamisi, nikiwa nimekalia kigoda. Inamwonyesha mwanamke kwenye cherehani karibu na dirisha, ameinamisha kichwa. Kibao chake kinasema: Mshonaji Mpweke. Yote yaliyoandikwa juu yake kwa miaka arobaini, kikiwemo kitabu cha msimamizi wangu, yanaeleza upweke wa kichwa kile.

Mimi nimeigawa picha miraba kumi na miwili, safu tatu za miraba minne, kama tulivyogawa ardhi kazini. Nikagawa ukurasa vivyo hivyo. Kila mraba nauita chumba. Katika chumba naandika kinachoonekana humo tu, na neno la chumba kimoja haliruhusiwi kuvuka ukuta kwenda chumba kingine. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa akisema: usichore mto kwa sababu unajua upo, uchore pale ulipouona. Nami ndivyo ninavyotunga.

Asubuhi wifi yangu, dada wa marehemu, alinikuta mezani. Anaishi nami tangu msiba. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha washairi kinachokutana kila Jumamosi katika ukumbi nyuma ya maktaba, na katika kikundi hicho shairi lisilo na vina ni kama mtu asiye na haya.

"Unaandika nini, wifi?"

"Shairi."

Akavaa miwani, akaugeuza ukurasa huku na huku. "Mimi naona nyumba ya kupanga. Vyumba kumi na viwili, mpangaji hakuna."

"Wanahamia polepole."

"Na vina viko wapi?"

"Vilikuwa na kelele, nimevifukuza."

"Kaka yangu alioa mchora ramani," akasema, akijimiminia chai yangu. "Tulimwonya."

18 Machi

Msimamizi wangu ni kijana mpole, mashati yake yamepigwa pasi hadi mikononi. Mwanangu wa mwisho anamzidi umri. Leo alifunga mlango wa ofisi.

"Mama, naomba nikuambie kwa heshima."

"Ukianza hivyo, Mwalimu, najua heshima umeiacha mlangoni."

Akacheka, lakini hakulegea. Tasnifu ni hoja, alisema. Shairi ni shairi. Sura yangu ya kwanza ni miraba tu, na jopo halitaisoma. Kisha akanikumbusha ninachokijua: mtaala wetu unafungwa mwaka huu. Atakayeshindwa mara hii hana mara ya pili. Miaka minne ya masomo itabaki kuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu.

"Andika mashairi yako Julai," alisema. "Sasa hivi chagua."

Nimefikiria hadi nyumbani, mwavuli ukivuja begani. Nilishachagua. Nilichagua vyote viwili.

22 Machi

Jumamosi. Nilisoma vyumba vinne vya kwanza ukumbini. Wazee walinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgonjwa anayeweweseka. Kisha fundi saa mmoja mstaafu, mtunzi hodari wa tarbia, akasema, "Mama, hiyo ni orodha ya vitu vya kuhamisha nyumba." Walicheka wote. Wifi yangu alikuwa akiongoza kikao na alicheka kwa mkono mdomoni. Halafu akatoa uamuzi: nitunge kwa arudhi, au nikae kama msikilizaji.

Nilisoma chumba cha tano kikiwa bado kitupu. Nilisimama kimya kwa muda ambao ungetosha beti mbili, kisha nikaketi.

Chuo kinasema huu si utafiti, ukumbi unasema huu si ushairi. Vizuri. Angalau wamekubaliana jambo moja.

25 Machi

Stoo. Kiuno kinauma. Dirisha la picha, chumba cha nane, limekamilika.

2 Aprili

Chumba cha tano kimenishinda. Kiko ukingoni, mkono wa kushoto. Kitambaa kinatoka kwenye cherehani, kinavuka meza na kwenda hadi kwenye fremu. Vitabu vyote vinasema hapo pana mikunjo ya kitambaa, na kimoja kinaiita "mawimbi ya huzuni". Jana nilikaa mbele yake saa nzima nikitaka kuandika mikunjo, na mkono ukakataa. Mikunjo hufuata uzito, huelekea chini. Hii imelala kwa upande, imejipinda nchani, na kila mmoja una kialama cheupe mwishoni.

Asubuhi ya leo nimeandika:

vidole vitatu
vimeshika upindo
mshonaji ana mikono miwili
yote ipo chumba cha saba
nimeihesabu

Halafu nikakumbuka chumba cha tisa, chini yake, nilichokimaliza wiki iliyopita bila kukifikiria. Kina maneno mawili tu:

kikombe
kikombe

3 Aprili

Nimerudi stoo kuhakikisha. Vitatu. Mtunza stoo, mwanamke mwenye funguo nyingi na subira haba, alisimama nyuma yangu. "Mama Ramani, utaichakaza picha ya watu kwa macho."

"Njoo utazame. Hiki ni nini?"

Akasogea. Akainama. "Mimi nilidhani kitambaa."

"Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye kadi."

9 Aprili

Mvua. Barabara ya chini imefungwa. Sikwenda.

14 Aprili

Nilimwonyesha Mwalimu. Alitazama picha niliyopiga kwa simu, akaikuza, akaipunguza.

"Ni mikunjo, Mama. Nimeiandikia sura nzima."

"Uliitazama kwanza au uliisoma kwanza?"

Alipanga karatasi zake mezani, ingawa zilikuwa zimepangwa. Nilijuta kidogo. Si vyema kumuuliza mtu swali hilo mbele ya kitabu chake kilichosimama rafuni.

Lakini sikulifuta.

24 Aprili

Saa mbili na nusu asubuhi mtunza stoo alinipigia simu. "Mama Ramani, kama una miguu njoo. Mfereji wa paa umeziba, maji yanashuka ukutani."

Niliona aibu baadaye jinsi nilivyotoka na kandambili. Nilipofika yeye alikuwa peke yake, amefunga kanga kiunoni, anahamisha picha kutoka rafu za chini kwenda meza ya ukumbini. Nilishika upande mmoja, yeye upande mwingine, na tukaenda hivyo picha baada ya picha, kama watu wanaohamisha vitanda. Tulihesabu thelathini na moja. Mshonaji alikuwa wa ishirini na nane, na mbao za fremu yake zilikuwa zimenyonya maji na kuvimba.

Hapa nieleze. Mbao zikivimba huku turubai imebanwa ndani yake, turubai huvutika, na rangi ya zamani haivutiki, hupasuka. Fremu ilipaswa kutoka. Lakini kanuni inasema fremu haiondolewi bila sahihi ya msimamizi wa mkusanyiko, na msimamizi wa mkusanyiko ni Mwalimu wangu, aliyekuwa amekwama ng'ambo ya barabara iliyofungwa.

Mtunza stoo alimpigia. "Nisubiri," alisema Mwalimu.

"Mimi nitakusubiri," akamjibu. "Maji hayajui kusubiri." Akakata simu, akachukua koleo.

Aling'oa misumari kumi na sita, mmoja mmoja, akiipanga kwenye kisosi kwa mfuatano. Tukailaza picha kifudifudi juu ya shuka safi. Nyuma palikuwa na ubao mwembamba wa kuzuia vumbi. Alipouinua, tuliinama wote wawili.

Turubai ilikuwa imekunjwa. Upande wa kushoto wa picha, ukanda wa zaidi ya shubiri moja ulikuwa umegeuzwa nyuma na kupigiliwa misumari, na rangi yake ilikuwa inatutazama sisi. Hatukuukunjua. Kitu kilichokunjwa kwa miaka arobaini hakikunjuliwi kwa pupa. Lakini hapakuwa na haja. Alikuwepo pale: mwanamke wa makamo ameketi sakafuni, mkono wake umenyooka hadi kwenye mkunjo na kutoweka ng'ambo, kwenye vile vidole vitatu vyangu. Mdomo umefunguka. Mkono wa pili umeinuliwa hewani, kiganja wazi, kama mtu aliyefika penye utamu wa habari.

Juu ya mbao, kwa penseli ya fundi, yalikuwa maneno manne: Fremu fupi. Kunja kushoto.

Basi ni hivyo tu. Hakukuwa na huzuni wala falsafa. Fundi alikuwa na fremu iliyopungua shubiri moja, akakunja, akapigilia, akaenda kula.

Mwalimu alifika saa sita, viatu mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Alitaka kuanza na misumari, imekuwaje ikang'olewa bila sahihi. Kisha akaona. Alisimama hadi maji ya nguo zake yakafanya kidimbwi sakafuni.

"Nimeandika kurasa mia mbili," akasema hatimaye, "juu ya upweke wa huyu mama."

"Na kumbe alikuwa anasikiliza umbea," akasema mtunza stoo.

Tuliogopa kucheka. Aliyecheka wa kwanza ni yeye Mwalimu, akaketi kwenye kigoda changu, akacheka hadi akafuta macho, na mwishoni sikuwa na hakika alikuwa anafuta nini.

26 Aprili

Leo ni zamu yangu ya aibu, na shajara isiyoandika aibu ni kibao tu.

Sebuleni kwangu pana picha ya mume wangu siku aliyopata kazi ya kwanza. Amesimama wima, mkono wa kushoto umeinuka kidogo pembeni, umekatwa na fremu. Kwa miaka arobaini na mbili nimewaambia wageni: ndivyo alivyosimama, mtu asiyeegemea kitu. Asubuhi, nikiosha vyombo, mkono wangu ulikumbuka kabla ya kichwa. Fremu ile niliinunua mimi, mwezi wa kwanza wa ndoa. Ilikuwa ndogo.

Niliishusha. Nikaigeuza. Niling'oa karatasi ya nyuma kwa kisu cha mboga.

Ndani ya mkunjo alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, gauni la shule, meno yote nje, na mkono wa kaka yake begani.

Wifi yangu aliingia na kikombe cha chai. Alitazama meza, akatazama kisu.

"Umechelewa," alisema.

"Ulijua?"

"Wifi, mimi ndiye niliyesimama pale. Nisahau vipi nilikokuwa?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa bi harusi mgeni, umeshika nyundo. Nani anagombana na bi harusi mwenye nyundo?" Akaketi. "Halafu miaka ikapita. Nikasema, kosa ni lake, alifunue mwenyewe. Nikawa nasubiri. Kila mgeni akija unamwambia asiyeegemea kitu, nami napitisha maandazi."

Nilimwomba radhi, na nikamwomba tena. Alinyoosha kidole akalainisha mstari wa mkunjo uliopita juu ya bega lake.

"Nilikuwa mzuri," akasema.

"Ulikuwa mzuri."

"Basi kanunue fremu ya watu wawili."

Nilikwenda na mvua ile ile.

9 Mei

Mwalimu ameniita. Amebadilika, na hajabadilika. "Mama, una ugunduzi. Una picha za nyuma ya turubai, una maandishi ya fundi. Andika hayo kwa nathari safi, uliondoe shairi. Utapata alama ya juu kuliko wote tangu nianze kufundisha."

"Shairi ndilo lililoviona vidole. Mwezi wa Aprili, tarehe mbili. Mvua ilileta ushahidi baadaye."

"Najua."

"Sasa niseme nilivionaje? Kwa bahati?"

"Sema kwa utazamaji makini."

"Nilitazama kwa makini saa nzima na bado nilitaka kuandika mikunjo. Nathari ingeniruhusu. Chumba hakikuniruhusu."

Akasugua paji la uso. "Jopo litakuangusha, Mama. Na hakuna kurudia."

Niliagana naye kwa heshima na kurudi nyumbani kuandika chumba cha kumi na mbili.

10 Mei

Sura ya pili, kurasa sita.

11 Mei

Kurasa mbili, zote mbaya.

21 Mei

Nimekabidhi. Sura ya kwanza: vyumba kumi na viwili. Sura ya pili hadi ya tano: hoja, ushahidi, marejeo, kila kitu kwa kanuni zao hadi kwenye nukta. Nimewapa walichotaka. Changu sikukiacha.

Mvua imepungua. Matope yamebaki.

6 Juni

Utetezi. Chumba kirefu, meza ndefu, watu watatu wa jopo, na Mwalimu pembeni kwa kuwa msimamizi haruhusiwi kusema. Mstari wa nyuma alikaa mtunza stoo na funguo zake. Karibu na mlango aliketi wifi yangu, amevaa kama anakwenda kuposa. Sikumwalika. Alisema amekuja kuona ninavyoaibika, ili asisimuliwe.

Mwenyekiti wa jopo, profesa mwenye sauti ya taratibu, alisifu sura ya tatu. Akasifu ya nne. Kisha akaishika ya kwanza kwa ncha za vidole.

"Mama, je, mambo haya ulishindwa kuyasema kwa nathari?"

"Nilishindwa kuyaona kwa nathari, Profesa."

Aliniomba nisome chumba kimoja. Nilisoma cha tano, kisha nikasoma cha tisa, na nikanyamaza katikati yavyo kwa muda ule ule niliosimama ukumbini mwezi wa Machi. Mjumbe mmoja akageuza kurasa za mbele na nyuma, akitafuta picha. Nilimwona anahesabu vidole.

Walituomba tutoke. Walipotuita, Profesa alisema jopo limependekeza suluhu ya heshima: shairi lihamishwe kwenye kiambatisho, mwishoni, na tasnifu itapewa daraja la kwanza. Likibaki sura ya kwanza, italazimika kupimwa kama sura ya hoja, na kama sura ya hoja itapata sifuri. Jumla itashuka hadi penye kufaulu kwa tabu, au chini ya hapo. Aliongea kwa wema kabisa. Aliniuliza kama ningependa siku chache za kufikiri.

Nilimtazama wifi yangu. Alikuwa ameshika mkoba magotini kwa mikono miwili, ananitazama kama alivyotazama ile meza yenye kisu.

"Profesa," nikasema, "kiambatisho ni nyuma ya fremu. Nimeshakunja mtu mmoja maishani mwangu, na ameketi pale mlangoni. Shairi litakaa lilipo. Lipimeni."

Nje, wifi yangu alitembea nami hadi kwenye geti. Hapo akasimama kufungua mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua.

"Bado si shairi," alisema.

"Sawa, wifi."

"Sikubali hata kidogo."

"Nimesikia."

Hatua kumi mbele akasema, "Lakini kile cha vikombe. Kisome tena."

13 Juni

Mwalimu ameleta matokeo mwenyewe nyumbani. Nimefaulu, kwa alama ya chini kabisa inayoruhusiwa, na moja juu yake. Hiyo moja, alisema, ilibishaniwa saa nzima. Hakuniambia na nani. Alikunywa chai, akaitazama picha mpya sebuleni, ya watu wawili, akamtazama wifi yangu, akaitazama tena. Hakuuliza nani ni nani. Anajifunza.

Kabla ya kuondoka aliniomba nimwandikie kibao kipya cha Mshonaji. Nimekataa. Akasema basi watamtundika mwaka mzima bila kibao, na amekwisha kumwambia mtunza stoo. Kitabu chake amekitoa rafuni, anakiandika upya.

Kesho ni Jumamosi. Nimepewa nafasi ya msikilizaji ukumbini, nami nitaketi mstari wa mbele na kurasa zangu mapajani, vyumba vikiwa vimefunguliwa. Wifi yangu amesema hataniita nisome. Pia amesema nisichelewe.

Shajara hii inakwenda rafuni Jumatatu. Umeisoma, sasa iweke chini. Leo hii, shusha picha moja ukutani kwako, igeuze, na utazame nyuma yake.